Gari Lililokatwa Hita

Hyderali nilimjua kwa tusi. Nilikuwa nimesimama kwenye lifti ya jengo letu hapa Malvern, Toronto, mfuko wa sokoni ukapasuka, vitunguu vikatawanyika mpaka miguuni pa watu, nami nikalitoa tusi la Tanga, lile ambalo mama yangu angelisikia angenipaka pilipili mdomoni. Kwenye kona ya lifti mzee mmoja mwembamba, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi, akainua uso. Nikajua leo nimeumbuka. Yeye akainama, akaokota kitunguu, akanipa, akasema, "Hebu rudia, mama. Tangu mke wangu afariki sijasikia mtu akitukana vizuri."

Mimi ni Noorbanu, mjane, mtu wa Tanga mjini, na mdomo wangu hauna breki, kwa hiyo tulielewana siku ile ile. Kabla lifti haijafika ghorofa ya sita, ambako anakaa, nilikwisha kujua kwamba na yeye ni wa Tanga, kwamba baba yake alikuwa na duka la vipuri, na kwamba yeye dukani hakukupenda, alipenda chini ya gari. Ujana wake wote aliumalizia kwenye malori ya mkonge, grisi mpaka viwikoni, akila mihogo ya kukaanga na mafundi wenzake. "Sura Mhindi, tumbo Mdigo," ndivyo alivyojieleza.

Huku Toronto magari hakupewa. Walitaka vyeti, naye alikuwa na mikono tu. Akaenda kusukuma maboksi kwenye ghala moja kule Agincourt mpaka alipostaafu, na kila akirudi alikuwa akimsimulia mkewe Sughra siku yake nzima, boksi kwa boksi. Sughra alikuwa mtu wa kusikiliza. Alipofariki, Hyderali alibaki na habari zake zote na hana pa kuzipeleka. Mwanawe, Rameez, anakaa Richmond Hill na mkewe na watoto. Rameez si mtoto mbaya, nisimsingizie. Kila Jumapili anakuja na vyakula, anakagua friji, anakagua dawa, anauliza kwa Kiingereza, anajibiwa kwa Kiswahili, na wajukuu wamekaa kwenye kochi wanatabasamu, wanaelewa kila kitu na hawamrudishii babu yao hata neno moja la kwake. Wanakaa kidogo tu, wamekwenda.

"Noorbai," aliniambia siku moja, "kuanzia Ijumaa mpaka Jumatano nasema salamu ya lifti na asante ya dukani. Sauti yangu ikitoka, naishangaa mwenyewe." Nilicheka, kisha nikaona yeye hacheki.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku yake. Alhamisi jioni kuna majlisi msikitini, na msikiti wetu uko mbali, kaskazini huko karibu na Richmond Hill. Hyderali alikuwa na gari la familia la viti saba, kuukuu, akajitwika kazi ya kutuchukua wazee wenzake. Nilikuwamo mimi. Alikuwamo Khatijabai wa jengo la pili, mkubwa kuliko sisi sote, ambaye kwa sababu ya magoti yake alikaa kiti cha mbele. Halafu tunapita Agincourt kumchukua Mehboob, aliyekuwa na duka Moshi zamani na ambaye mpaka leo anaongea na watu wote kana kwamba wamekuja kukopa. Kiti cha Mehboob kilikuwa nyuma, karibu yangu, bahati mbaya yangu.

Ndani ya gari lile kulikuwa na sheria moja tu, Kiswahili. Ukiponyokwa na neno la Kiingereza, unarudia hadithi yako kutoka mwanzo, na kuna siku Mehboob aliianza upya harusi ya dada yake mpaka tukafika msikitini bibi harusi hajatoka chumbani. Tulikuwa tunabishana juu ya mambo yasiyo na faida kwa kiumbe yeyote: maji ya Moshi na maji ya Tanga yepi matamu, nani alikuwa na baiskeli ya kwanza yenye taa, achari ya ndimu inatiwa sukari au haitiwi. Khatijabai alikuwa akiwasengenya watu waliokufa zamani, maana walio hai anawaogopa. Na Hyderali huku anaendesha, anacheka mpaka bega linagonga mlango, anatia chumvi, anataka zaidi. Nilikuwa namtazama tukirudi. Alikuwa mtu mwingine, uso umenawiri. Maneno ya gari lile ndiyo yaliyokuwa yakimvusha mpaka Alhamisi nyingine, na yakikatika sikujua angeshika nini.

Mwaka jana, baridi inaelekea kuisha, Khatijabai akaanza kunusa nusa.

"Nani ana visheti humu ndani?"

Tukakana wote. Alhamisi iliyofuata harufu ile tamu ilikuwa imezidi, soksi ya Khatijabai imelowa, zulia chini ya miguu yake likikanyagwa linatoa maji, na kioo cha mbele kina utando wa mafuta unaokataa kufutika. Hyderali akatia kidole kwenye zulia, akanusa, akajua.

"Hakuna visheti hapa, mama. Haya ni maji ya rejeta. Hita imetoboka."

Akatueleza. Gari lina rejeta mbili, kubwa iko mbele, na nyingine ndogo imefichwa nyuma ya dashibodi. Maji ya moto ya injini yanapita kwenye ile ndogo, feni inapuliza juu yake, na abiria wanapata joto. Ile ndogo ndiyo iliyokuwa ikivuja. Kuibadilisha ni lazima ung'oe dashibodi nzima. Gereji moja ya Agincourt walilitazama gari, wakamtazama na yeye, wakamwambia alipeleke kwa wanunuzi wa vyuma. Rameez alisema hivyo hivyo, tena kwa sauti ya mtu aliyepata nafuu, maana siku nyingi alikuwa hataki baba yake aendeshe. "Baba, basi sasa. Lipumzishe."

Thubutu! Hyderali alipanda mpaka kwangu, amefura.

"Nilipumzishe? Kwani mimi nimezaliwa juzi? Tanga hita ilikuwa ya kazi gani? Gari likitoka tu bandarini, fundi anaanza kwa kukata hita. Pahala pamoja pa kuvuja pamepungua, unaendesha miaka ishirini. Nami nitaikata."

Basi siku moja ya Mei, jua limetoka, akaliegesha gari nyuma ya jengo, maana kwenye maegesho ya chini wamekataza kutengeneza magari. Mimi nilishuka na kigoda na chupa ya chai, kazi yangu kukosoa. Aliiacha injini ipoe kabisa. Akasukuma beseni chini ya gari. Pale nyuma ya injini, kwenye ukuta unaoitenga na abiria, kuna mipira miwili inayoingia ndani, mmoja unapeleka maji ya moto, mwingine unayarudisha. Akalegeza klipu kwa plaizi, akauvuta mpira wa kwanza, ukagoma, akauzungusha taratibu huku anaubembeleza kwa maneno ambayo siwezi kuyasema hapa, ukatoka. Maji ya kijani yakamwagika kwenye beseni. Wa pili ukafuata. Halafu akachukua kipande cha mpira kilichopinda, akaunganisha njia ya kwenda na njia ya kurudi, akakaza klipu, kwisha kazi. Maji yanatoka kwenye injini, yanageuka hapo hapo, yanarudi yalikotoka, ndani hayaingii tena. Akajaza maji mapya, akawasha, akaliacha gari lingurume mpaka mapovu ya hewa yote yametoka, akaongeza tena. Akalala chini na kurunzi kutazama. Hapakuwa na tone.

"Na baridi ikija?" nilimwuliza.

"Ikija tutajifunika. Noorbai, tukiwa wanne mle ndani, na mdomo wa Mehboob ule, nani atasikia baridi?"

Nikacheka, nikamwongeza chai. Wallahi sikuona kosa. Tumeishi huku miaka na miaka, makoti tunayo, viatu vya theluji tunavyo, lakini likija suala la gari bado tunafikiri kwa akili ya Tanga, ambako joto la gari ni adui. Mtu aliyezaliwa Toronto angetuuliza swali moja tu: kioo mtakifuta na nini?

Kiangazi kizima gari lilikwenda vizuri. Halivuji, halichemki, hakuna visheti. Hyderali alijisifu mpaka tukachoka. Mwezi wa kumi ukaingia, Khatijabai akaja na chupa ya mpira ya maji ya moto mapajani na blanketi lenye maua, Mehboob akavaa makoti mawili akakosa kupita mlangoni, tukacheka safari nzima. Wakati ule bado baridi ilikuwa ya mzaha.

Kisha ikaja Alhamisi moja ya Desemba, baridi ile ya kukata masikio, theluji kavu inapeperuka barabarani. Tulimchukua Mehboob, naye alikuwa na habari mpya, habari nzuri sana, ya binamu yake aliyeuza nyumba moja kwa watu wawili. Anaeleza, tunadakia, tunacheka. Nikaona Hyderali anafuta kioo kwa mkono wa koti. Anafuta tena. Alipofuta palibaki mistari, na mistari ikageuka nyeupe. Pumzi zetu zilikuwa zinapanda kiooni na kuganda pale pale, kwa ndani. Hita nzima ingekuwapo, hewa ya moto ingepuliza kioo, kisingekuwa na neno. Hyderali akawasha feni, ikatupulizia baridi ya friza usoni, Khatijabai akapiga kelele izimwe. Akafungua dirisha, Khatijabai akapiga kelele lifungwe. Na Mehboob hana habari, anaendelea, binamu yake sasa yuko mahakamani, na kila akifika penye utamu sisi tunaangua kicheko na kioo kinazidi kuwa cheupe. Hyderali alikuwa ameinama mpaka paji la uso linakaribia kugusa usukani, anaendesha kwa kitundu cha kiganja.

"Nyamazeni!" alipiga kelele. "Nyamazeni nyote! Mnaniua macho!"

Alikuwa hajawahi kutupigia kelele mtu yule. Tukanyamaza. Akafuta kioo, na safari hii kikachelewa kuziba. Tukafika hivyo hivyo, kila mtu na mkono mdomoni.

Tangu siku ile sheria ya Kiswahili ikafutika, ikawa sheria ya kimya. Tulivuta shali mpaka puani, tukapumua taratibu kifuani mwetu. Nikasikia matairi ya gari lile kwa mara ya kwanza, nikasikia saa ya Mehboob. Hyderali mwenyewe ndiye aliyekuwa akiteseka kuliko sote. Nilikuwa namwona anafungua mdomo, anakumbuka, anafunga. Tulijaribu kila kitu. Alinunua kijifeni cha umeme cha kuchomeka kwenye gari, kikapuliza pumzi ya paka. Alipaka kioo sabuni, akapaka viazi vilivyokatwa, mtu fulani alimdanganya. Rejeta ile ndogo hairudi bila kung'oa dashibodi, na dashibodi haing'oleki nje kwenye theluji kwa vidole vya mzee.

Mehboob alikuwa wa kwanza kutoka. "Bwana Hyderali," alisema, tena kwa adabu, "kama ni kukaa kimya, kwangu kuna kimya, tena chenye joto." Halafu mkwe wa Khatijabai, Fizza, ambaye ni nesi na ana sauti ya nesi, akampigia simu Hyderali kwamba kifua cha mama hakitaki baridi, atapanda kibasi cha wazee kinachotumwa na msikiti. Khatijabai alikuja kwangu analia, anaomba nimwambie Hyderali asimkasirikie. Hakumkasirikia mtu. Afadhali angekasirika.

Nikabaki mimi. Mimi sina mkwe wa kunikataza, na kichwa changu kigumu. Wiki kadhaa tulikwenda wawili, mimi nimekaa nyuma kabisa ili pumzi yangu iwe mbali na kioo, yeye mbele na kitambaa mkononi. Mehboob hayumo tena, lakini Hyderali aliendelea kupita Agincourt, akipunguza mwendo mbele ya nyumba yake halafu anaondoka. Sikumwuliza. Ningeuliza kwa mdomo gani, na mdomo umefungwa shali?

Ilikuwa hapo hapo Agincourt, mbele ya maduka. Kioo kilikuwa kimeziba upande wa kulia. Kwenye kivuko cha miguu mwanamke mmoja alikuwa anavuka, anasukuma kigari cha mtoto kilichofunikwa nailoni. Mimi nilimwona kwa dirisha la pembeni. Hyderali hakumwona.

"Simama!" nilipiga ukelele ambao nadhani walinisikia Moshi.

Akasimama. Gari liliteleza kidogo, likatulia karibu sana na kile kigari. Yule mwanamke alitutazama, akapita. Hyderali akasogea pembeni ya barabara, akaweka mikono juu ya usukani.

"Noorbai, sikumwona. Sikumwona kabisa."

"Alhamdulillahi hakuna lililotokea."

"Wiki ijayo usishuke. Panda kibasi na wenzako."

"Na wewe?"

"Mimi nikiwa peke yangu kioo kinavumilia. Nafungua dirisha, basi."

"Hyderbhai, acha ukaidi. Panda na wewe kibasi, tukae pamoja."

Akanigeukia. "Nikipanda kibasi, kesho yake Rameez analiuza hili gari. Anangoja hilo tu. Akiliuza, Alhamisi zetu zimekufa, Noorbai, hazifufuki. Acha baridi iishe. Mei nitang'oa dashibodi nyuma ya jengo, nitaweka hita mpya, nitawarudisha wote watatu kwenye viti vyao. Lakini sasa hivi siwezi kuua mtoto wa watu kwa sababu nataka mtu wa kuongea naye."

Bega lake la kulia lenyewe haliinui mkono juu ya sikio. Dashibodi ataing'oa na nini? Maneno hayo yalinifika mpaka kwenye meno, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikayameza.

Basi nikapanda kibasi. Nisiwe mwongo, kibasi kizuri. Kina joto mpaka unafungua koti. Anakiendesha mama mmoja wa kujitolea, Reena, mpole, wazazi wake wa Arusha, Kiswahili anakisikia ila anajibu kwa Kiingereza. Kwenye spika anaweka hotuba za Kiingereza, wazee wanasinzia. Mehboob alikuwa amelala, kidevu kifuani. Khatijabai yuko mbele anavuta tasbihi. Nilijaribu kumchokoza Mehboob, nikamwambia maji ya Moshi yana chumvi. Akafungua jicho moja, akaweka kidole mdomoni, akanionyesha spika. Mehboob! Nikatazama nje.

Tulikuwa tumesimama kwenye taa nyekundu. Kwenye mstari wa pembeni, chini ya dirisha langu, gari la Hyderali. Kioo chake cha pembeni kiko nusu wazi kwenye baridi ile, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, na taa za maduka zinammulika. Mdomo wake ulikuwa unakwenda. Nilidhani ni dua. Si dua. Alikuwa anatazama kiti cha Khatijabai, anatikisa kichwa, anainua macho kwenye kioo cha juu kutazama nyuma tulikokaa mimi na Mehboob, anapiga usukani, anacheka. Kisha akanyamaza, ametega sikio, akingoja kujibiwa. Akangoja. Halafu akaendelea.

Mimi si mtu wa kulia ovyo. Nililia kwenye kibasi kile mbele ya watu, na nikaona hasira juu ya kilio, hasira na Rameez, na Fizza, na Mehboob na usingizi wake, na mimi mwenyewe na koti langu lililofunguliwa kwa joto. Taa ikawaka kijani, akatuacha.

Mbele kidogo Reena aliingia kwenye uwanja wa maduka kumchukua mzee mwingine. Nikasimama, nikamwambia nashuka. Akasema kwa Kiingereza chake kwamba haiwezekani, shangazi, baridi, nani atakupeleka. Nikamwambia nina gari langu. Nikashuka, nikampigia Hyderali simu, nikamwambia, "Rudi. Niko nje ya duka la dawa." Nikakata, maana ningeendelea angejua kwa sauti kwamba nimelia.

Alikuja mbio, anakanyaga theluji kwa gari, uso umemshuka.

"Unaumwa? Nikupeleke hospitali?"

Nikafungua mlango wa mbele, nikakaa kiti cha Khatijabai. "Siumwi. Zima gari."

"Tutachelewa majlisi."

"Na tuchelewe. Gari limesimama, kioo kizibe kisizibe kinatuhusu nini?"

Alinitazama. Baridi nzima alikuwa amewaza mipira na klipu na dashibodi, na hilo halikumjia. Akazima.

"Ulikuwa unamwambia nani?" nikamwuliza.

Akainamisha uso. "Uliniona."

"Nilikuona."

"Nilikuwa nambishia Mehboob. Ananishinda hata akiwa hayumo." Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Noorbai, naogopa. Siogopi kufa, naogopa maneno yananikimbia. Juzi nimekaa jikoni, natafuta jina la kile kifuniko cha ukindu, cha kufunikia chakula kwenye sinia. Sughra alikuwa nacho. Nimezunguka na sufuria mkononi, jina haliji. Nimuulize nani? Rameez?"

"Kawa," nikasema.

"Kawa!" Akapiga usukani kwa viganja viwili. "Kawa! La ilaha illallah. Kawa, kawa."

Basi yakafunguka. Yeye na mimi, tunakatizana, tunagombea zamu. Alinisimulia alivyomwona Sughra mara ya kwanza, amebeba kawa kichwani kukinga mvua. Nikamwambia mume wangu alivyonitoroka siku ya posa kwenda kutazama kriketi. Alicheka, bega likagonga mlango. Kioo cha mbele kikawa cheupe, kisha vya pembeni, kisha cha nyuma, mpaka maduka yakapotea yakabaki mwangaza tu. Mjane na mgane wamejifungia kwenye gari lililoziba vioo pande zote, angepita mtu wa msikitini angepata la kusema mpaka Ramadhani. Tukalisema hilo pia, tukacheka nalo.

Lakini baridi haina urafiki. Vidole vya miguu vilikufa kwanza. Meno yangu yakaanza kugongana, neno linakatika katikati, nami nikawa nalisukuma litoke. Hyderali akaniangalia, akaacha kucheka. Akaivua kofia yake, akanivalisha juu ya mtandio, akatoa kadi mfukoni, akaanza kukwangua kioo kwa ndani. Barafu ikawa inaanguka juu ya dashibodi, nyembamba, nyeupe. Akawasha gari, akateremsha kioo cha upande wake.

"Haya, Noorbai," akasema taratibu. "Nakurudisha nyumbani. Mpaka tufike, usiseme hata neno."

Nilikuwa na habari nzima kwenye ncha ya ulimi, na nilijua kwamba kesho Ijumaa na kimya chake kinaanza upya. Nikavuta shali mpaka puani, nikanyamaza, ili aone njia.